Msala Auuze Nani?

Msomaji wetu mmoja, bibi wa upande wa Wete, ametuletea waraka mrefu kwa mkono wa mwanawe asomaye chuoni kwetu. Asema kwamba tangu alipofiwa na mumewe huwalisha na kuwasomesha watoto wanne kwa kusuka misala, mikeka na makawa ya ukindu. Kila mwezi huja mchuuzi mlangoni pake, huihesabu kazi, hutaja bei, hulipa, akautia mzigo garini akaenda zake. Sasa bibi huyu amepata khabari ya bei inayouzwa misala hiyo mjini, na roho yake haijatulia tena. Ataka kuipeleka sokoni kwa mkono wake mwenyewe. Lakini kaka yake, ambaye ndiye msimamizi wake, amemkatalia. Amwambia kwamba mwanamke mwenye heshima zake hakai sokoni, na kwamba riziki ya mlangoni ndiyo riziki ya sitara. Basi bibi atuuliza: Je, kaka yangu amesema kweli? Na kama yafaa niende, niende wapi, na niuze vipi?

Tungaliweza kumjibu kwa mistari mitatu, tukanyamaza. Lakini waraka huu si wa kwanza kutufikia juu ya jambo hili, na nyumbani kwetu sisi wenyewe limetukuta, tukajifunza ndani yake mambo tusiyoyasoma katika kitabu chochote. Kwa hivyo twaomba radhi ikiwa mwezi huu tutarefusha maneno.

Kwanza twataka wanaume wasomao ukurasa huu waijue kazi yenyewe, maana wengi wetu twaikalia tu. Makuti machanga ya mkindu hukatwa kabla hayajafunguka, yakaanikwa juani siku kadha wa kadha mpaka yakawa meupe. Kisha huchanwa nyuzi nyembamba zilizo sawasawa, na nyingine katika hizo huchemshwa pamoja na rangi. Ndipo husukwa ukili, nao ni kama utepe mrefu usiokwisha. Na ukili huo huungwa ubavu kwa ubavu, ukashonwa, mpaka ukatimia upana unaotakiwa. Mwisho hupindwa ukingo. Ukikosea hesabu ya nyuzi mahali pamoja, ua lote litakwenda upande. Na kazi hii haina saa yake maalumu: hufanywa baada ya kupika, kabla ya kuteka maji, na usiku watoto wakisha lala. Jamvi la kuanikia karafuu ni jambo jingine. Hilo ni kazi nene ya haraka, na wakati wa mchumo watu hawaligombi bei, maana karafuu haziwezi kungoja. Ama msala wa rangi ni sanaa. Tumesema sanaa, na neno letu haturudi nyuma nalo; kwani mwanamke huyo hana karatasi iliyochorwa mbele yake, na maua yote yamo kichwani mwake.

Sasa twataja yaliyotukuta. Usiku mmoja wa mwezi wa Shaabani mama watoto wetu alituomba karatasi na kalamu, akasema ataka tumfanyie hesabu ya msala mmoja. Ukindu ulikuwa shilingi 4,000, na rangi shilingi 1,500. Kazi ilichukua siku tisa, kila siku saa tatu au nne. Mchuuzi alinunua kwa shilingi 12,000. Tukatoa zile 5,500 za vifaa, zikabaki 6,500. Tukazigawa kwa siku tisa, tukaona kwamba haikufika hata shilingi 725 kwa siku moja. Mama watoto aliitazama ile karatasi kwa muda, kisha akasema: "Maalim, kumbe siku zote hizi miye ndiye nimpaye sadaka."

Haukupita muda, tukawa na safari ya Unguja kwa ajili ya maziko. Katika kupita madukani tukauona msala umetundikwa ukutani, na pembe zake zimefungwa kwa namna anayoijua yeye peke yake. Tukauliza bei. Tukaambiwa shilingi 45,000.

Hatutaki msomaji adhani kwamba twamwita mchuuzi mwizi. Yeye hulipa gari ya kutoka kijijini, hulipa nauli ya meli kutoka Mkoani na mzigo wake, hukodi mahali pa kuuzia, na huenda akakaa na mali miezi miwili haijanunuliwa, na panya wakaila pembeni. Hayo yote yana haki ya malipo. Kosa si kwamba yeye apata. Kosa ni kwamba pale mlangoni watu wawili hukutana, mmoja aijua bei ya soko, na wa pili haijui.

Wanafunzi wetu wa fiqhi watakumbuka mlango wa talaqqi r-rukbaan. Mtume S.A.W. aliwakataza watu wa mjini kuwatokea njiani wenye kuleta bidhaa na kununua kwao kabla hawajafika sokoni. Na katika mapokezi ya Imam Muslim imekuja kwamba mwenye mali akisha kufika sokoni ana khiari. Hatusemi kwamba mchuuzi wa mlangoni ndiye yule anunuaye njiani kwa kila hali, kwa sababu bibi yumo nyumbani mwake na hakuna aliyemzuia kwenda mjini. Walakini maana iliyomo katika katazo hilo yamgusa: muuzaji asiuze gizani. Basi hata kama bibi wetu ataamua kuendelea kumuuzia mchuuzi wake, na huenda ikamfaa khasa nyakati za mvua na ugonjwa, aende sokoni japo mara moja akasikilize bei kwa masikio yake. Akirudi, mazungumzo ya mlangoni hayatakuwa yale ya mwezi uliopita. Sisi tulimwambia mchuuzi wetu bei tuliyoiona Unguja. Akacheka, akapandisha mpaka 18,000 hapo hapo, hata chai hajamaliza.

Ama kaka, twamheshimu kwa kumlinda dada yake, na ulinzi huo ni jambo jema kwa mwanamume. Lakini asemapo kwamba kazi ya mkono na kuuza humvunjia mwanamke heshima yake, hapo hatuwezi kumfuata. Bibi Zainab binti Jahsh R.A., mke wa Mtume S.A.W., aliyefariki mwaka wa 20 wa Hijra, alikuwa fundi wa mkono. Akidabighi ngozi na kuzishona, na akitoa sadaka katika hayo. Na Bibi Aisha R.A. alisimulia kwamba wake wa Mtume walipoambiwa kuwa atakayemfuata upesi ni mwenye mkono mrefu kuliko wenzake, walikuwa wakipima mikono yao. Kumbe makusudio yalikuwa mkono wa Zainab, kwa kufanya kwake kazi na kutoa kwake sadaka. Na mke wa Abdalla bin Masud R.A., katika mapokezi ya Imam Ahmad, alikuwa fundi aliyekuwa akiuza kazi yake na kumtumilia mumewe na watoto, kwani mumewe hakuwa na mali. Alikwenda kuuliza kama ana thawabu kwa hilo, akajibiwa kwamba anazo. Hakuambiwa aache. Na chumo la mwanamke ni lake mwenyewe. Ataka kulijua hilo, na aisome aya ya 32 ya Suratun Nisaai pamoja na tafsiri yake.

Zabaki sharti za adabu, nazo kaka anazijua kama tunavyozijua: mavazi ya sitara, mahali pa wazi, saa za mchana, na mwanamke asikae faragha na mtu asiye maharimu wake. Na hapa twamwomba atufikirie swali moja. Mchuuzi mwanamume aendaye mlangoni kwa mjane kila mwezi. Na soko lenye watu mia, na akina mama wauza mboga wamekaa safu moja. Wapi pana shubha zaidi?

Sasa tuingie katika sokoni kwenyewe.

Siku ya kwanza mama watoto alikwenda Chake Chake pamoja na jirani yake, nasi tulimchukulia mzigo mpaka kituo cha gari, tukarudi chuoni. Walikaa pembeni mwa soko, misala saba imekunjwa imepangwa vizuri mbele yao, nyuso zimeinama. Mpaka adhuhuri hapana aliyesimama. Bibi mmoja mtu mzima aliyekuwa akiuza mboga mkabala wao akawaonea huruma, akamwambia: "Mwanangu, utauzaje kitu ukikificha? Watu watajuaje kama ni msala ama ni kuni? Kitandue!" Akautandua mmoja juu ya gunia, na mwingine akautundika msumarini kwenye mlango wa duka la jirani, kwa idhini ya mwenyewe. Kabla ya alasiri mzee mmoja alisimama, akautazama ule mwekundu, akauliza ni kazi ya nani. "Yangu, baba." Akauliza umesukwa kwa siku ngapi, akajibiwa; akauliza bei, akajibiwa shilingi 20,000; akalipa bila ya kugomba. Mama watoto alirudi nyumbani na noti zile mkononi hata hakuzitia mkobani.

Baada ya wiki moja yule mzee alirudi. Alikuja amebeba msala chini ya kwapa, na kanzu nyeupe katika mfuko. Akaitandua ile kanzu mbele ya watu: magotini na penye paja pana madoa mekundu. Alikuwa ametawadha, akapanda msalani na miguu imerowa, akakaa kwa tahiyatu, na rangi ikamwingia. Hakupiga kelele. Alisema tu: "Mwanangu, hii nilinunuliwa na mwanangu aliye Maskati."

Mama watoto alirudisha zile 20,000 na akauchukua msala wake. Kwa upande wa sharia hilo lilimlazimu, kwani aibu ilikuwamo katika mali kabla haijatoka mkononi mwake, na mnunuzi ana haki ya kurudisha. Kanzu hakuweza kuilipa, na mzee hakuitaka malipo yake. Usiku ule alilia. Tulimsimulia hadithi ya Mtume S.A.W. aliyepita penye chungu ya nafaka, akatia mkono ndani, akakuta umande. Mwenyewe akasema ni mvua, naye akamuuliza kwa nini asiuweke ulioroa juu watu wakauona, kisha akatoa onyo lake kwa wenye kughushi. Akatujibu: "Maalim, yule alijua kwamba imeroa. Mimi sikujua."

Na hilo ndilo lililotufunza kuliko bei. Kwa miaka mingi alikuwa akimuuzia mchuuzi misala ya rangi ile ile, na hakupata hata siku moja kuambiwa kwamba rangi yatoka. Kanzu ngapi zimeharibika Unguja na Dari-s-Salaam hatuwezi kuhesabu. Malalamiko yaliishia dukani, na dukani hawamjui aliyesuka. Aliyeketi nyuma ya kazi yake ndiye anayeletewa faida yake na aibu yake pamoja. Tangu siku ile mama watoto huchemsha ukindu kwa muda mrefu zaidi, hutia chumvi katika maji ya rangi, husuuza mpaka maji yatoke meupe, kisha husugua kila ukili kwa kitambaa cheupe kilichorowa. Kitambaa kikipata rangi, ukili haungwi. Wazee wetu walitumia magome ya mkandaa kwa wekundu ulioiva, na manjano kwa rangi ya kimanjano. Mama watoto ameirudia ile ya mkandaa, ambayo haingʼari kama ya dukani lakini imemridhisha. Ama manjano yafifia juani, na mnunuzi yafaa aambiwe hivyo kabla hajatoa fedha.

Bibi ameuliza aende wapi. Soko la kila siku la Chake Chake au la Wete ni mahali pa kuanzia, si kwa sababu hapo pana fedha nyingi, bali kwa sababu hapo utasikia watu wasemavyo juu ya kazi yako. Tumbe kwenye mnada wa samaki watu huja na fedha lakini macho yao yako kwa nguru. Huko vikapu vitakwenda, misala haitakwenda. Mkoani siku ya meli ni pazuri, kwani asafiriye kwenda Unguja hakosi kukumbuka zawadi dakika ya mwisho. Akae huko na vitu vyepesi: makawa, vipepeo, mikoba, na misala miwili mitatu ya kukunjika. Siku nne za sikukuu, katika viwanja vya watoto kama cha Tibirinzi, wazazi hununua vitu vidogo tu. Kijikapu cha rangi cha shilingi 2,000 huuzwa haraka kuliko mkeka wa 60,000, na aliyeleta mikeka mikubwa atarudi nayo. Ama Ramadhani haina haja ya kuelezwa. Mwezi wa Shaabani wote watu hutafuta misala mipya ya nyumbani na ya misikitini, na asiyeanza kusuka tangu Jumada atakuta soko limempita.

Wageni waijiao Pemba si wengi kama wa Unguja. Wachache hupita Chake Chake kutazama makumbusho yaliyomo katika ngome kongwe, na wengine hushukia mahoteli ya Makangale na Wambaa. Mgeni hununua kwa sababu nyingine na mwenyeji: yeye ataka kujua nani amesuka, kwa nini ua hili, na mkindu ni mti gani. Maneno hayo hakuna ayajuaye kuliko msukaji. Mwanao aliye skuli atakufasiria.

Katika habari ya kuuza kwa nafsi yako mahali wapitapo wenye fedha, bara yetu ina mfano mmoja mashuhuri. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka wa 1932 kusini mwa Tanganyika, alianza kuchora mwaka wa 1968 huko Dari-s-Salaam kwa rangi za mafuta za makopo juu ya mbao nyepesi. Hakuwa na duka wala mtu wa kumsifia. Picha zake ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oyster Bay, walipokuwa wakija Wazungu kununua vyakula vyao, na mkewe akimsaidia kuuza. Alifariki mwaka wa 1972, nayo namna yake ya kuchora yaitwa kwa jina lake mpaka leo, na mwaka wa 1990 wafuasi wake waliunda chama chao cha ushirika. Mzazi mmoja ametuuliza juu ya mwanawe aliye Unguja achoraye tembo na twiga kwa namna hiyo akawauzia wageni Forodhani. Maulamaa wengi, na wa madhehebu yetu wakiwamo, wamekataza kuchora sura za vyenye roho. Basi kijana huyo tungalimshauri achore majahazi, minazi, milango ya nakshi na mitaa ya Mji Mkongwe, na hapana aliyesema kwamba wageni hawavinunui hivyo. Na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi.

Turudi kwa bibi wetu, maana limebaki jambo ambalo sisi wenyewe tulipata khasara kwalo.

Tulikutana na mwenye duka mmoja mjini, hatumtaji, akatuambia: leteni misala yenu hapa, mimi nitawauzia, zikiuzwa nitawapa fedha zenu. Tukaleta misala sita. Hatukuandika. Hatukusema ni bei gani ya chini, wala yeye atatoa kiasi gani kwa kazi yake, wala nani ataulipia msala ukipotea. Baada ya miezi mitatu tulikuta misala mitatu haiko, fedha ya miwili imelipwa kwa bei ambayo hatukuijua, na wa tatu uliingiwa na mvua. Tulipolalamika alitwambia kwamba yeye hakuununua ule msala. Na kweli, kwa sharia hakuununua. Mwenye duka wa namna hii ni wakili wako, na mali iliyo mkononi mwake ni amana. Ikiharibika bila ya uzembe wake, hakulazimu kulipa. Kama ni uzembe au si uzembe kuacha msala chini ya bati livujalo, tungalijadiliana mpaka Kiyama, kwa sababu hapakuwa na waraka wala shahidi. Mtu afundishaye watoto aya ya 282 ya Suratul Bakara, aya ndefu kuliko zote katika Kurani nayo yahusu kuandikiana, kisha akaenda akaacha misala sita kwa maneno matupu! Basi bibi aandike: idadi, bei ambayo haitapunguzwa, fungu la mwenye duka, siku ya kuhesabiana, na mahali pa kutundika. Mwanawe asomaye chuoni kwetu ana khati nzuri; na aandike nakala mbili.

Hoteli ikimwagiza misala ishirini, hilo tena ni mlango mwingine. Kuuza kitu ambacho hakijasukwa, kwa sifa zake, hufaa kwa njia ya salam. Mtume S.A.W. alipofika Madina aliwakuta watu wakilipana kabla ya mavuno, akawaamuru kiwe kipimo kinachojulikana, na uzani unaojulikana, na muda unaojulikana. Basi utajwe urefu na upana, rangi na idadi, na siku ya kukabidhi. Na fedha, kwa madhehebu ya Imam Shafii, zilipwe zote pale pale katika kikao. Wenye mahoteli wamezoea kutoa arubuni, wakasema ukichelewa tutaiacha kazi, na sisi tukibadili nia utaichukua arubuni yetu. Wanazuoni wetu wa Kishafii hawakuijuzisha arubuni ya namna hiyo, na Mahanbali wameijuzisha. Aliyekwisha kununua ukindu wa misala ishirini kwa fedha yake, akaambiwa kwamba meneja amehama, ndiye aijuaye faida ya kulipwa zote mwanzo.

Na neno moja juu ya kofia, kwa kuwa akina mama wengi hushona za viua na wapo walioniuliza njiani. Mara nyingi tajiri huleta kitambaa kilichokwisha chorwa na nyuzi zake, na mshonaji akalipwa kwa kazi. Huyo si muuzaji, ni ajiri. Kofia si yake, na hawezi kuipeleka sokoni kwa bei yake. Akitaka kuuza, anunue kitambaa chake na atoe ua lake. Kofia ya mkono huchukua wiki nyingi, na huvaliwa mpaka Maskati. Mwenye subira ya kushona moja kwa nafsi yake pamoja na tatu za tajiri, ataona tofauti baada ya mwaka.

Katika bei, mama watoto huitaja moja na akapunguza kidogo kwa mwenye kumwomba, hasa kwa anunuaye misala miwili. Kuapa hataki. Sokoni "Wallahi" imekuwa kama "karibu", na Mtume S.A.W. alikwisha kueleza kwamba kiapo huitoa bidhaa lakini huifuta baraka yake.

Basi twamwambia kaka: si haramu, na dada yako hakukosa. Mchukulie mzigo wake mpaka garini kama tulivyofanya sisi, na siku ya kwanza kaa naye mpaka adhuhuri ukaone ni nani wakaao hapo. Naye bibi, kabla hajaondoka nyumbani, na akisugue kitambaa cheupe.

Yule mzee wa kanzu alirudi mwezi wa Rajabu. Mama watoto alimwona kwa mbali akainamisha uso. Akasimama mbele ya msala mwekundu wa mkandaa, akatia kidole mdomoni, akausugua, akakitazama kidole chake kwa muda juani, akatoa noti mbili za elfu kumi.